Pikipiki Ikizimika Njiani: Tujaribu Kabla ya Kununua

Ni vyombo vichache vilivyoingia katika maisha ya wananchi wa vijijini kwa kasi kama ile ya pikipiki. Humpeleka mgonjwa zahanati, hufikisha maziwa sokoni na mbegu shambani. Kwa hiyo pikipiki inapozimika njiani na kukataa kuwaka, hasara haimwangukii dereva peke yake. Shabaha ya makala haya ni kueleza jinsi hitilafu hiyo inavyoweza kuchunguzwa kwa utaratibu, na kutoa maoni kwamba desturi yetu ya kubadilisha spea kwa kubahatisha ni hasara ambayo sisi wasomi tumeichangia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikienda kijijini katika Wilaya ya Kilosa, nikiwa nimepakiwa na kijana dereva wa bodaboda. Baada ya mwendo wa kilometa chache injini ilikohoa, ikadhoofika, ikazima. Kijana alipiga kiki mpaka jasho likamtoka. Tukakaa kivulini yapata nusu saa, akapiga tena, ikawaka mara moja. Mbele kidogo ikazima tena. Akaniambia kwamba hali hiyo ilikuwa imemsumbua kwa siku kadhaa, na kwamba pikipiki haikuwa yake: kila siku alipaswa kumpelekea tajiri fedha ambayo madereva huiita hesabu.

Mimi nilisomea mitambo ya joto ng'ambo hata nikapata shahada ya uzamivu. Nikamwambia kwa uhakika mkubwa kwamba koili ndiyo mbovu: ikipata joto, waya zake hutanuka na umeme hukatika, ikipoa, hurudi katika hali yake. Kijana akajibu kwa adabu, "Lakini mwalimu, nikijaza tangi ndiyo inazima upesi zaidi." Nilimsikia, lakini sikumsikiliza.

Alikopa fedha, akanunua koili. Pikipiki ikaendelea kuzima. Katika gereji moja akashauriwa kununua plagi mpya, na katika nyingine kile kisanduku kinachoratibu umeme wa plagi. Nilipoonana naye tena, tajiri alikuwa amempa siku tatu alipe malimbikizo ya hesabu au arudishe pikipiki. Aliyemwokoa alikuwa fundi mmoja mzee afanyaye kazi chini ya mwembe. Mzee huyo hakufungua hata nati moja. Alimwambia, "Nenda nayo mpaka izime, mwanangu, kisha usiguse kitu, niite." Ilipozima, mzee alifungua kifuniko cha tangi la petroli. Hewa iliingia kwa sauti ya kufyonza. Akasubiri kidogo petroli ishuke, akakifunga kifuniko, akapiga kiki, injini ikawaka. Kumbe kijana alikuwa amekata kipande cha mpira wa tairi na kukiweka chini ya kifuniko ili petroli isimrukie kwenye mashimo ya barabara. Mpira huo ulikuwa umeziba tundu dogo la hewa.

Ndugu msomaji, maelezo ya jambo hili si magumu. Katika pikipiki zetu nyingi zenye kabureta hakuna pampu ya petroli. Petroli hushuka kwa uzito wake. Kila inaposhuka, hewa hapana budi iingie tangini kujaza nafasi. Tundu likizibwa, kani ya hewa iliyo juu ya petroli hupungua. Kutoka tangini hadi kwenye kabureta petroli huwa na kimo cha sentimita 30 hivi, na uzito wa kimo hicho ni sawa na asilimia 2 tu ya kani ya hewa ya kawaida. Kwa hiyo kani ya tangini ikipungua kwa kiasi hicho kidogo, petroli haishuki tena. Ikiwa ndani ya tangi mna lita 5 za hewa, kutumika kwa mililita 100 au 200 za petroli kunatosha kuleta hali hiyo. Nayo ni safari ya kilometa 5 hadi 10 hivi kwa pikipiki ndogo. Tangi likijaa, hewa iliyomo ni chache, na upungufu huo hufikiwa mapema zaidi. Pikipiki ikipumzika, mvuke wa petroli na hewa ipenyayo kidogo kidogo hurudisha kani, nayo huwaka tena.

Basi maneno ya kijana yalikuwa ndiyo ufunguo. Koili iliyoshindwa na joto na tundu lililozibwa huonyesha dalili ile ile: kuzima baada ya mwendo na kuwaka baada ya kupumzika. Lakini koili haijui tangi lina petroli kiasi gani. Dalili moja ikiwa na sababu mbili zinazowezekana, kazi ya mwanasayansi ni kutafuta jaribio litakalozitenga. Mzee wa chini ya mwembe alilifanya. Mimi sikulifanya.

Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipounda injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, mahitaji ya injini ya petroli hayajabadilika: mchanganyiko wa petroli na hewa kwa kiasi chake, mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Injini iliyozima imekosa mojawapo ya haya. Uchunguzi nao ufuate njia hiyo, kuanzia lililo jepesi na lisilo na gharama.

Kwanza, dereva aisogeze pikipiki kando ya barabara na kutazama mambo ambayo haraka humsahaulisha: swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, koki ya petroli, na kigingi cha kuegeshea, ambacho katika pikipiki nyingine hukata umeme kikiwa chini.

Pili, afungue kifuniko cha tangi papo hapo, kabla injini haijapoa, asikilize, kisha akifunge na kujaribu kuwasha. Ikiwaka, tundu la hewa lisafishwe.

Tatu, aitoe plagi na kuitazama. Ikiwa kavu, yaelekea petroli haifiki: achunguze koki, chujio na kabureta, ambamo maji na taka hutuama. Ikiwa imelowa, petroli imefika lakini haikuungua.

Nne, aipime cheche. Plagi irudishwe kwenye kofia yake, na chuma chake kigusane na injini, mbali na tundu ilikotolewa. Kisha kiki ipigwe. Kifuniko cha tangi kiwe kimefungwa, petroli iliyomwagika iwe imefutwa, na plagi isishikwe kwa mkono, maana cheche moja yatosha kuunguza pikipiki na mwenyewe. Jaribio hili lifanywe injini ikiwa bado na moto. Cheche ikikosekana wakati wa joto na kurudi wakati wa baridi, hapo ndipo koili na vifaa vingine vya umeme vinaposhukiwa kwa haki.

Tano, ikiwa petroli na cheche vipo lakini kiki imekuwa nyepesi kuliko kawaida, mgandamizo unavuja. Mara nyingi nafasi ya vali imebana mno: chuma kikitanuka kwa joto, vali haifungi sawasawa. Kazi hii ni ya fundi, naye huipima injini ikiwa baridi.

Wapo watakaosema kwamba fundi hahitaji nadharia, kwani uzoefu unamtosha. Sikubaliani nao. Uzoefu usio na utaratibu ndio uliomuuzia kijana yule plagi na kisanduku; na nadharia isiyo na jaribio ndiyo iliyomuuzia koili. Mzee alikuwa na vyote viwili, ingawa hakuviita kwa majina ya darasani. Alibadilisha jambo moja tu, akaacha mengine yote kama yalivyokuwa, akatazama matokeo. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Wengine watasema kwamba pikipiki zinazotumia betri zimekwisha kuingia nchini, na kwamba kabureta itasahaulika. Huenda ikawa hivyo. Lakini pikipiki ya betri nayo ina swichi, nyaya, viungio na kifaa cha kuratibu umeme, nayo itazima njiani siku moja. Atakayebahatisha, atanunua betri, na betri ni ghali kuliko koili. Chombo hubadilika, njia ya kuuliza haibadiliki.

Maoni yangu, basi, ni haya. Sisi walimu wa vyuo vikuu tunafundisha mzunguko wa Otto ubaoni kwa Kiingereza, tukitahini kanuni zake, na mwanafunzi aweza kuhitimu pasipo kuwasha injini iliyozima. Inafaa kila mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo apewe injini yenye hitilafu iliyofichwa, atakiwe kuandika alichoshuku, alichojaribu na alichokiona, kabla hajaruhusiwa kuagiza spea yoyote. Vyuo vya ufundi stadi navyo vifanye hivyo, na madereva wanaojifunza kupata leseni wafundishwe hatua zile tano.

Vilevile, maarifa ya mafundi yaandikwe. Kiswahili hakina upungufu wa maneno kwa kazi hii. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, na mafundi wenyewe wana plagi, koili, kabureta na vali vinywani mwao kila siku. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi chini ya mwembe na kalamu. Ukurasa mmoja, wenye michoro na maonyo ya usalama, ubandikwe katika kila kijiwe cha bodaboda. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na spea zinazonunuliwa bila haja.

Kijana yule hakunyang'anywa pikipiki. Nililipa bei ya koili, kwa kuwa deni lile lilikuwa langu. Koili ya zamani, iliyokuwa nzima muda wote, ninayo mezani ofisini. Mwanafunzi anaponijia na jibu kabla ya jaribio, humpa aishike, kisha humuuliza ni swali gani ambalo mtaalamu aliyeagiza itolewe hakuuliza.