Wajapani Walitoa Makaa Chini ya Meza, Sisi Bado Tunalala na Jiko

Wacha niseme hii kitu hata kama mtanichoma.

Mimi ni mtoto wa Ndara. Huku kwetu jua halina huruma, ndiyo maana nikisema Julai naenda kuganda Taita, wasee wa Voi hucheka. "Taita gani hiyo?" Buda, panda matatu ya Wundanyi, pitia Mwatate, anza kuhesabu kona. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari. Kilele cha Vuria kinapita mita 2,200. Ukifika Mgange jioni ukungu umeshuka, utaomba sweta hata kwa mtu humjui.

Julai iliyopita nililala kwa nyanya huko juu. Mimi na mabinamu tukaingiza jiko la makaa chumbani, tukafunga dirisha, tukaziba chini ya mlango na leso. Makaa yalikuwa mekundu safi, hakuna moshi, tukasema iko sawa. Usiku nikaamka kichwa kinagonga, natapika, miguu haina nguvu. Binamu yetu mdogo tulimwita mara tatu ndiyo akaitika. Nyanya akafungua mlango, akatutoa wote nje kwenye baridi ileile tuliyokuwa tunaikimbia.

Sisi tulipona. Kuna familia hapa Kenya ambazo hazikuamka.

Shida si moshi. Makaa yakiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hivyo unapumua vizuri tu lakini mwili haupati hewa. Halafu inakuletea usingizi. Unadhani ni joto tamu, kumbe unaenda.

Sasa, wale wa anime mnajua kotatsu: ile meza fupi yenye blanketi zito, familia nzima imeingiza miguu chini, machungwa juu ya meza. Nyumba nyingi Japani hazina mfumo wa kupasha joto kila chumba, kwa hivyo wanapasha watu, si nyumba. Na hapa ndipo sisi tunahusika: zamani chini ya ile meza kulikuwa na makaa! Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kotatsu ya umeme ikaenea, makaa yakatoka. Hawakuacha kukaa pamoja. Walibadilisha moto tu.

Maoni yangu ni haya: tuibe hiyo akili. Najua mtasema tokeni ni ghali na stima hupotea. Sawa, hata sisemi mnunue hita. Chemsha maji jikoni, jaza chupa ya mpira isiyovuja, izungushie leso isikuunguze, weka miguuni. Mezani tandika blanketi mpaka chini, kila mtu aingize miguu na chupa yake. Vaa soksi na kofia. Weka mkeka au kartoni chini ya godoro, maana sakafu ya simiti inanyonya joto lako usiku kucha. Lakini usijaribu kuweka jiko chini ya hilo blanketi. Hapo utakuwa umejenga kaburi lenye meza.

Mwingine ataniambia, "Wazee wetu waliota moto ndani na hawakufa." Nyanya mwenyewe alinijibu hiyo. Jiko lake la mafiga liko kwenye kibanda cha nje, chenye mianya juu ya ukuta na mlango ambao haufungwi moto ukiwaka. Watu wanaota, wanapiga stori, kisha wanaenda kulala na moto unabaki huko. Sisi ndio tuliuhamisha moto chumbani, kwenye nyumba ya mawe yenye madirisha ya vioo, tukafunga kila kitu, halafu tukasema ni mila.

Kwa hivyo Julai ikifika, kabla hujapost picha ya ukungu, pigia shosho au mdogo wako huko juu simu. Muulize swali moja tu: jiko linalala wapi? Akisema chumbani, usikate simu mpaka litoke nje.

Na wewe wa bedsitter hapo Voi unayecheka, Nairobi pia kuna Julai. Utahamia huko siku moja.