Kijana akitaka kufunga 'nosi' kwenye gari, mzazi aulize nini?

Mtungi wenyewe si mkubwa. Unalala kwenye buti la gari, mara nyingi una rangi ya buluu, na mzazi asiyejua anaweza kudhani ni wa kuzimia moto. Kijana akiulizwa anajibu kwa mkato, "Ni nosi tu, mzee," kisha anabadilisha mazungumzo. Hiyo "tu" ndiyo yenye maswali.

Nosi ni jina la mtaani la gesi ya naitrasi oksaidi. Limetokana na herufi za jina la kampuni ya Marekani iliyoanza kuuza vifaa hivi mwaka 1978, na filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001 ikalisambaza duniani kote. Gesi yenyewe ni ya zamani zaidi. Madaktari wa meno waliitumia kupunguza maumivu tangu karne ya 19, na katika Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliifunga kwenye ndege za kivita ili injini zisikose pumzi zikiwa juu sana angani.

Vijana wengi huamini kwamba gesi hii inaungua kama petroli. Haiungui. Kazi yake ni kupeleka oksijeni. Ikiingia kwenye injini na kupata joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, inavunjika na kuachia oksijeni iliyo ndani yake. Kwa uzito, oksijeni ni asilimia 36 ya gesi hii, wakati kwenye hewa ya kawaida ni asilimia 23 hivi. Oksijeni ikizidi, injini inaweza kuchoma mafuta mengi zaidi kwa mara moja, na gari linachomoka.

Neno la kushika hapo ni mafuta. Gesi ikiongezeka na petroli isiongezeke kwa kiasi chake, moto ndani ya silinda unakuwa mkali kupita uwezo wa chuma. Pistoni hutoboka au kuyeyuka pembeni, gasketi ya silinda hedi hupasuka, na wakati mwingine pistoni rodi huvunjika na kutoboa bloku. Haya hayachukui wiki. Sekunde chache zinatosha, na dereva hupata habari anapoona moshi nyuma yake. Chanzo chake kinaweza kuwa kitu kidogo mno: pampu ya mafuta iliyochoka, filta iliyoziba, au nozeli moja isiyofungua vizuri. Katika mwendo wa kawaida gari lenye hitilafu hiyo linaweza kwenda kazini na kurudi mwaka mzima bila mtu kujua.

Magari yanayopendwa na vijana kwa shughuli hii, kama Subaru Impreza WRX, yana jambo jingine. Injini yake ina turbo, kwa hiyo tayari inashindiliwa hewa kuliko injini ya kawaida. Tena gari lenyewe huwa limeshatumika Japani kabla ya kupanda meli, na aliyelinunua hapa huenda ni mmiliki wa tatu au wa nne. Kumwongezea mzee huyo mzigo bila kumpima pumzi ni kumtafutia kifo. Fundi makini hupima kwanza mgandamizo wa kila silinda, na silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, habari ya nosi inaishia hapo.

Kwa hiyo mzazi asianze na "marufuku." Kijana wa miaka 22 mwenye mshahara wake akikatazwa nyumbani ataenda kufunga kwa rafiki, usiku, na fundi wa kubahatisha. Maswali humbana zaidi kuliko amri. Unaongeza nguvu farasi ngapi? Kwa injini ya silinda nne isiyobadilishwa ndani, 40 hadi 60 ndicho kiasi kinachotajwa na wenye kazi yao. Anayesema 150 hajui anachokifanya, au anajua lakini injini si yake. Mafuta ya ziada yatatoka wapi? Plagi zimebadilishwa kuwa za baridi zaidi? Taimingi imerudishwa nyuma? Mafundi wazoefu hurudisha nyuzi 2 hivi kwa kila nguvu farasi 50 zinazoongezwa. Je, kuna swichi inayozuia gesi isifunguke mpaka pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho na injini iwe imepita mizunguko 3,000? Bila swichi hiyo, gesi inaweza kumwagika injini ikiwa inazunguka polepole, na hapo mlipuko hutokea kwenye njia ya hewa, chini ya boneti.

Fundi anayekasirika kuulizwa hayo ameshajibu.

Kuna pia hesabu ambayo kijana hajaifanya. Mtungi wa kawaida una kilo 4.5 hivi za gesi. Akiongeza nguvu farasi 100, gesi hiyo inaisha kwa takriban dakika moja na nusu. Dakika moja na nusu! Kisha mtungi unarudi dukani kujazwa, kama kuna duka la kuujaza. Na hapo bado klachi, matairi na breki, vitu ambavyo havina sifa kijiweni lakini ndivyo vinavyosimamisha gari lililoongezwa mbio.

Mahali pa kuitumia ni swali zito kuliko yote. Nosi ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya mwendo mfupi, barabara ikiwa imefungwa, gari la wagonjwa likisubiri na dereva akiwa na kofia ngumu. Barabara ya mtaani saa nane za usiku ina bodaboda bila taa, ina mlevi anayevuka, ina lori lililoharibika na kuwekewa majani kama alama. Hakuna fundi anayeweza kurekebisha hilo. Mzazi aangalie pia kadi ya gari ina jina la nani. Ikiwa ni lake, likitokea la kutokea polisi na watu wa bima wataanza na yeye. Bima nayo ni mkataba wa kuambiana ukweli: badiliko kubwa la injini ambalo kampuni haikuelezwa linaweza kuifanya ikatae kulipa.

Mtungi nao haufai kukaa chumbani au kwenye gari lililoachwa juani. Ndani yake kuna presha ya psi 900 hadi 1,000, wakati tairi la gari dogo hujazwa 30 na ushei. Presha hupanda na joto, na ndiyo maana mtungi halali una kisahani cha usalama kinachopasuka kabla mtungi wenyewe haujapasuka. Wapo wanaoupasha kwa moto wa gesi ya kupikia ili presha ipande haraka. Wapo pia wanaoshauri kutumia oksijeni ya fundi wa kuchomelea kwa sababu ni rahisi kupatikana. Oksijeni tupu si mbadala wa nosi. Ndani ya injini yenye petroli huo ni mlipuko. Mtu mwenye ushauri wa namna hiyo asikaribie gari la mtoto wa mwenzake.

Mwisho, wadogo zake. Gesi hii ndiyo ile ile iitwayo gesi ya kuchekesha, na vijana huivuta kwa ajili ya kulewa. Uingereza ilifanya kuwa nayo kwa lengo hilo kuwa kosa mwaka 2023. Ile ya magari huchanganywa na kiasi kidogo cha salfa daioksaidi ili inuke na kuwasha koo, lakini harufu hiyo haimzuii kila mtu. Kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye mtungi kunaweza kugandisha midomo na koo, na mtu anaweza kufa kwa kukosa hewa. Anayeivuta mara kwa mara huharibikiwa na vitamini B12 mwilini, na dalili za kwanza huwa ganzi ya vidole vya miguu na kuyumba anapotembea. Mzazi akiziona apeleke mtoto hospitali na kumwambia daktari waziwazi kuhusu mtungi, kwani matibabu huanza kwa kuacha gesi na kuchomwa sindano za B12, na mishipa ya fahamu haingoji.