Ballia na Lugha Isiyoandikwa Kwenye Fomu

Muhula uliopita chama chetu kiliwaalika wanafunzi kutoka India, tule na kuzungumza pamoja. Nilipewa kazi ya kumtambulisha mgeni mmoja anayetoka wilaya ya Ballia, jimbo la Uttar Pradesh. Nilijiandaa vizuri, au nilidhani hivyo. Nikasimama, nikasema kwamba Ballia ni wilaya ya wakulima na watu wake wanazungumza Kihindi. Mgeni akapokea kipaza sauti, akashukuru, kisha akasema, "Kihindi nilifundishwa shuleni. Mama yangu hunisemesha Kibhojpuri."

Ukumbi ulicheka, nami nikacheka. Niliporudi chumbani sikucheka tena, maana kosa nililolifanya ni lile ambalo hunikera ninapofanyiwa mimi.

Sisi Waswahili tuna sababu ya kuteleza hapa. Wahindi tuliokua nao Afrika Mashariki wengi asili yao ni Gujarat, Kutch na Punjab, na maduka mengi tuliyotumwa utotoni yalikuwa ya Wagujarati. Bado wote tuliwaita Wahindi, na chochote walichozungumza tulikiita Kihindi. Jina moja lilitosha kwa bara zima.

Ballia iko mbali na huko kote. Ni wilaya ya mwisho mashariki mwa Uttar Pradesh, imebanwa kati ya mito miwili: Ganga upande wa kusini na Ghaghra, ambao wengi huuita Saryu, upande wa kaskazini. Sensa ya 2011 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 3.2, na zaidi ya tisa katika kila kumi wanaishi vijijini. Wanalima ngano, mpunga, miwa na dengu. Dengu zikikaangwa na kusagwa huwa unga uitwao sattu, unaojazwa ndani ya madonge ya unga wa ngano na kuchomwa motoni.

Mito hiyo inalisha na inakula. Maji yakipanda, kingo humeguka na nyumba huenda nazo. Yakishuka, ardhi mpya ya mchanga na tope hujitokeza mahali pengine. Ardhi hiyo huitwa diara, na watu huigombea. Mito ilihamahama kiasi kwamba mwaka 1968 ilibidi itungwe sheria ya kurekebisha mpaka kati ya Uttar Pradesh na Bihar. Serikali ilipiga mstari, lakini ng'ambo zote mbili watu waliendelea kusalimiana kwa Kibhojpuri kilekile.

Wala si watu wa kusahaulika. Mangal Pandey, askari wa uasi wa 1857, anahesabiwa kuwa mwana wa Ballia. Mwezi Agosti 1942 wananchi wakiongozwa na Chittu Pandey waliushika utawala wa wilaya kwa siku chache kabla Waingereza hawajarudi. Mpaka leo Wahindi wenzao huiita Ballia ya waasi.

Sasa tazama hesabu. Sensa ya 2011 inasema wasemaji wa Kihindi ni kama milioni 528. Ndani ya idadi hiyo wamo watu zaidi ya milioni 50 walioandika kwamba lugha yao ya mama ni Kibhojpuri. Walijibu kwa jina la lugha yao. Jedwali likawaweka chini ya jina la nyingine. Katiba ya India ina orodha ya lugha 22 zilizotambuliwa. Kimaithili, jirani na ndugu wa Kibhojpuri, kiliingizwa kwa marekebisho ya 2003. Kibhojpuri bado kinasubiri nje.

Mtu atauliza, hasara iko wapi? Hasara iko darasani. Sera ya elimu ya India ya 2020 inataka mtoto, pale inapowezekana, afundishwe kwa lugha ya nyumbani angalau hadi darasa la tano. Ni sera nzuri. Lakini ikiwa wilaya imeandikwa kuwa ya Kihindi, basi mtoto wa Ballia anayefundishwa kwa Kihindi anahesabiwa kuwa tayari amepata haki yake. Jina kwenye jedwali limefunga mjadala kabla haujaanza.

Najua jibu la upande wa pili, na lina uzito. Kihindi kinamfungulia kijana wa Ballia mitihani, ofisi na kazi za Delhi na Mumbai. Hazari Prasad Dwivedi, mmoja wa waandishi wakubwa wa Kihindi, alizaliwa Ballia, na hakuna aliyemlazimisha kukipenda. Wapo pia wanaohofu kwamba kila lugha ikihesabiwa peke yake, Kihindi kitapungua nguvu. Mimi sisemi Kihindi kiondoke. Nasema mtu anaweza kuwa na lugha mbili, na ile ya pili haihitaji kuifuta ya kwanza ili iwe kubwa.

Sisi tunalijua hilo. Kihindi sanifu kilijengwa juu ya lahaja ya eneo la Delhi, kama Kiswahili sanifu kilivyojengwa juu ya Kiunguja, na watu wa Mvita hawajaacha kutukumbusha. Mimi ni mtu wa Mbeya. Mama yangu akikasirika hukasirika kwa Kinyakyusa. Lakini nilipojiunga na chama hiki, fomu iliniuliza "lugha yako ya kwanza", ikaniachia nafasi ya neno moja. Niliandika Kiswahili, kwa kuwa nilihisi ndilo jibu lililotarajiwa.

Basi naomba kamati ya chama, na walimu wetu mnaoipitia fomu hiyo kila mwaka: iwekwe mistari miwili. Wa kwanza uulize lugha ya nyumbani, wa pili lugha nyingine anazozijua mtu. Haitatugharimu hata senti. Na safari nyingine tukialika wageni, tuwaulize wao wenyewe nyumbani kwao wanazungumza nini, kabla hatujasimama kuwatambulisha.