Nyumba ya Nyanya Iko Sokoni. Je, Umeulizwa?



Juzi kijana mmoja wetu alinitumia picha kwa WhatsApp. Tangazo la nyumba. Nyumba ya kifahari, mji wa kale wa Lamu, orofa mbili, chumba cha juu chenye paa la makuti, upepo wa bahari, utulivu. Bei kwa dola. Chini yake kijana ameandika maneno machache tu: "Hii ni nyumba ya nyanya. Nimeiona leo kama wewe."

Soma tena hayo maneno ya mwisho. Mamake alikuwa mmoja wa warithi, Mungu amrehemu. Yeye mwenyewe ana haki mle ndani. Na amejua nyumba yao inauzwa kupitia simu, kama mpita njia yeyote. Ukiwa kwenu ni Lamu, ama Mji wa Kale Mombasa, ama Malindi, meseji kama hiyo inaweza kukufikia wewe pia. Kwa hivyo leo tuongee vizuri.

Kwanza, tuangalie ni kitu gani kinauzwa. Nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Unaanzia kwenye daka, pale wageni na majirani wanapoketi. Unapita kiwanda, uwanja wa katikati unaoingiza mwanga, halafu misana, halafu ndani kabisa. Ukutani kuna zidaka, zile tundu zilizonakshiwa za kuweka vyombo vya thamani. Kwenye tangazo zidaka zimeitwa "rafu za mapambo". Haya.

Na ile orofa ya juu inayopigiwa debe? Zamani kwa familia zenye uwezo, binti akiolewa babake alimpa makao, na mara nyingi aliongeza orofa juu ya nyumba ili mwanawe asitoke mbali. Kati ya nyumba na nyumba za jamaa palijengwa wikio juu ya kichochoro, wanawake wakatembeleana bila kushuka njiani. Yaani kile chumba kinachouzwa leo kwa sababu ya upepo wake kilijengwa ili binti wa nyumba asikose pa kukaa. Ndiyo maana inauma zaidi pale anayeachwa nje ya mauzo ni mtoto wa binti.

Utaniambia, lakini Lamu si inalindwa? Ni kweli. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kenya tuna sheria ya makavazi na urithi ya mwaka 2006. Lakini sheria hizo zinalinda ukuta, mlango na nakshi. Hazisemi nani alale ndani. Tembea mpaka Shela uone. Nyumba nyingi pale zimenunuliwa na kukarabatiwa na wageni, na zimependeza kweli. Lakini ziko zinazojaa msimu wa likizo na miezi mingine zinafungwa. Nyumba iliyofungwa haitoi mtoto wa kwenda madrasa. Haipeleki sahani ya futari kwa jirani. Mtaa ukijaa milango ya namna hiyo, msikiti wake unabaki na safu moja ya wazee.

Sasa, tusimrushie mnunuzi lawama zote. Wako walionunua nyumba zilizokuwa karibu kuanguka na wakaziokoa. Na hakuna aliyevunja mlango usiku. Tulimfungulia sisi wenyewe, na tulianza kumfungulia siku tuliyokataa kugawa mirathi.

Chukua mfano. Mzee amefariki, ameacha mke, wavulana wawili na wasichana watatu, na wazazi wake walishatangulia. Mke anapata sehemu moja kwa nane. Zinabaki saba: kila mvulana mbili, kila msichana moja. Hesabu imefunga, nane kwa nane. Ukikaa chini wiki hiyo hiyo, umemaliza kwa kalamu na karatasi. Lakini sisi tunasema, "Tungoje kidogo, mama bado yuko." Mama anafariki, na fungu lake nalo linagawika mafungu saba kwa wale wale watoto. Halafu dada mmoja anafariki Mombasa, anaacha mume na watoto. Kaka mwingine yuko Oman hajarudi miaka. Baada ya miaka thelathini nyumba moja ina wenyewe ishirini na hakuna hata mmoja anayejiona mwenyewe. Paa likivuja, kila mtu anangoja mwenzake. Hapo ndipo dalali anapobisha hodi, na anakuja na pesa taslimu.

Basi jua haki zako, maana wengi wetu hatuzijui.

Moja: mirathi ya Waislamu inaweza kuamuliwa na Mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa kifungu cha 170 cha Katiba. Hakuna mrithi anayeweza kuuza fungu la mwenzake, hata akiwa ndiye mkubwa, hata akiwa ndiye anayekaa na funguo.

Mbili: ukiwa na haki katika nyumba na unahofia inauzwa kimyakimya, sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inakuruhusu kuomba zuio liandikwe kwenye ofisi ya ardhi, ili mauzo yasisajiliwe kabla hujasikizwa. Tafuta wakili ama msaada wa kisheria, usiende na hasira peke yake.

Tatu: kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Anapewa kwa kukodi tu, isizidi miaka 99. Na kampuni inahesabiwa ni raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Kwa hivyo ukiambiwa "tumeuza kwa kampuni ya hapa hapa", uliza kampuni ni ya nani.

Nne, na hii iko kwenye dini yetu kabla ya Katiba yoyote: shufaa. Mnapomiliki kitu kwa ushirika na mmoja akataka kuuza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika ana haki ya kulichukua kwa bei ile ile. Madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu huku pwani tunafuata, yanampa haki hiyo mshirika. Wahanafi wanaongeza hata jirani. Muulize shekhe wako akufafanulie.

Turudi kwa yule kijana. Alipiga simu nyumbani akiwa moto. Mjomba wake akamsikiliza mpaka akamaliza, halafu akamuuliza: "Mwanangu, miaka yote hii niliyopanda juu ya makuti kila kabla ya masika, wewe umewahi kutuma hata mfuko mmoja wa chokaa?"

Kijana akanyamaza. Mjomba ana bili ya hospitali. Si mwizi, amechoka. Makosa yake ni kutangaza kabla ya kuita watu. Makosa yetu ni kumwachia mzigo halafu tukumbuke haki zetu siku bei inapoonekana.

Wamekaa kikao cha kwanza. Zuio limepelekwa ofisi ya ardhi. Mambo mawili yako mezani: kukodisha orofa ya juu kwa miaka kadhaa kwa mtu atakayelipa na kukarabati, ama warithi wanaojiweza wanunue mafungu ya wanaohitaji pesa sasa, mjomba akiwa wa kwanza kulipwa. Wako pia wanaotaka sehemu iwekwe wakfu. Haijaamuliwa. Inaweza bado kuuzwa, na wakikubaliana wote kuuza, hiyo pia ni haki yao. Lakini itauzwa na watu waliojuana na kuulizana.

Wewe nawe, kabla ya Ijumaa hii, piga simu tatu. Mpigie mzee wa familia umuulize nyumba imeandikwa jina la nani na hati iko wapi. Mpigie ndugu aliye mbali umuulize kama mgao uliwahi kufanywa na kuandikwa. Halafu mpigie yule anayekaa mle ndani sasa hivi, na kwake usiulize hati. Muulize paa likoje. Na ukiweza, tuma kitu.

Wabillahi tawfiq.