Bati lililochorwa kwa leza kwa ajili yetu liko wapi?

Mvua ikinyesha Nyawera, maji yanashuka kutoka kwenye mabati, yanazoa taka za soko na kuishia ziwani. Saa chache baadaye akina mama na watoto wanapanda mlima na mabidoni, maana bomba limekauka. Kwa mji unaopata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, hii ni aibu.

Januari 2015, Chunlei Guo na Anatoliy Vorobyev wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walitangaza kwamba wamechora metali kwa leza hadi maji yakakataa kukaa juu yake. Tone likianguka linaruka, na likiondoka linabeba vumbi. Hakuna rangi wala mafuta yaliyopakwa. Leza imechimba mifereji na vinundu ambavyo jicho halivioni, vingine vya kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni ya milimita. Anayelima mateke anaijua siri hiyo: mwaga maji juu ya jani, yanajikunja kama shanga na kuteremka.

Mbinu ya kuzipa nguvu leza za aina hiyo, zinazopiga kwa muda mfupi kupita kiasi, ilibuniwa na Donna Strickland na Gérard Mourou mwaka 1985, nao wakapata Nobeli ya Fizikia mwaka 2018. Ni mwaka uleule ambao Daktari Mukwege wa Panzi alipata ya Amani. Bukavu tulisherehekea ya Oslo. Ya Stockholm ilitupita.

Lakini inatuhusu. Rochester wenyewe walisema metali hiyo ingefaa kukusanya maji ya mvua na kutengeneza vyoo safi katika nchi zinazoendelea, na sehemu ya fedha ilitoka kwa mfuko wa Bill na Melinda Gates. Yaani tulitajwa. Sokoni Nyawera, bati ni lilelile.

Kikwazo kimoja kilijulikana tangu mwanzo. Kuchora kipande cha inchi moja kwa inchi moja kulichukua saa nzima. Kwa mwendo huo, bati la mita 3 kwa sentimita 80 lingemaliza siku kama 155, usiku na mchana, bila umeme kukatika hata mara moja (hapo mkazi wa Bukavu atacheka). Leo kuna leza zenye kasi kubwa zaidi. Na mwaka 2020 kikundi cha Guo kilionyesha bamba la alumini lililochorwa likawa jeusi, linalovuta maji machafu kwenda juu na kuyageuza mvuke kwa joto la jua, ili yakusanywe yakiwa safi. Kwetu tunaoteka ziwani na kuogopa kipindupindu, hilo lina maana kuliko bati.

Anayetafuta pesa kwa jina la maskini awaletee maskini kitu wakijaribu. Paa la Nyawera lina moshi wa makala, vumbi na matope. Vinundu hivyo vikisuguliwa au kuziba, sifa yote imekwisha. Maabara ya Marekani haiwezi kutupimia hilo. Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, Chuo Kikuu cha Kikatoliki na ISP waombe mabamba kumi tu, wayaweke juani na mvuani kuanzia Septemba hadi Septemba, kisha watangaze matokeo hata yakiwa mabaya. Regideso nayo isingoje leza: bomba la Nyawera halihitaji nanomita hata moja ili litoe maji.