Sauti ya Mkaazi katika Halmashauri

Ziwa Nyasa, ambalo ndugu zetu wa Malawi huliita Ziwa Malawi, limechukua kiasi cha sehemu moja ya tano ya eneo lote la nchi hiyo. Katika ncha yake ya kusini hutoka mto Shire, na hapo ndipo ulipo mji wa Mangochi. Mbali sana, katika Sweden, mto Göta nao hutoka katika ncha ya kusini ya ziwa Vänern, na hapo upo mji wa Vänersborg. Kwa jiografia miji hii ni kama ndugu, na kila mmoja una halmashauri yake.

Hata hivyo halmashauri haipimwi kwa ziwa lake. Hupimwa kwa mambo mawili: fedha inazokusanya, na watu inaowajibika kwao. Halmashauri 290 za Sweden hutoza zenyewe kodi ya mapato ya wakaazi wao. Zile za Malawi hutegemea zaidi ruzuku ya serikali kuu, pamoja na ushuru wa masoko na ada ndogo ndogo.

Jambo la pili ndilo zito zaidi. Malawi ilitunga Sheria ya Serikali za Mitaa mwaka 1998, na madiwani wakachaguliwa mwaka 2000. Muda wao ulipokwisha mwaka 2005, uchaguzi haukufanyika mpaka Mei, 2014. Kwa miaka tisa muuzaji wa soko la Mitundu, kusini mwa Lilongwe, alitozwa ushuru bila ya kuwa na diwani wa kumwuliza ushuru huo umefanya kazi gani. Watanzania wanaijua hali hiyo, kwani halmashauri zao zilivunjwa mwaka 1972, zikarejea kazini mwaka 1984.

Wako watu ambao kwao hali hiyo haijakoma. Katika Wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, ipo kambi ya Dzaleka, ambayo zamani ilikuwa gereza. Tangu 1994 imepokea wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha ya kila siku katika vichochoro vyake. Kufikia 2023 walizidi 50,000, idadi inayotosha kuwa mji kamili. Mwaka huo serikali iliwaamuru wale waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi Dzaleka. Wanavijiji wa jirani na wakimbizi hutibiwa katika zahanati moja. Lakini mambo ya wilaya yanapojadiliwa, mwanakijiji ana diwani, mkimbizi hana.

Wapo watakaosema kuwa kura ni haki ya raia peke yake. Sweden haikuona hivyo. Tangu 1976 mgeni aliyeandikishwa kuwa mkaazi kwa miaka mitatu mfululizo ameweza kumchagua diwani wake, ingawa Bunge amebaki kuachiwa raia. Wala wazo hilo si geni Malawi. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1994, katika kifungu cha 77, ilimruhusu asiye raia aliyekaa nchini miaka saba kuandikishwa kupiga kura.

Sisi hatudai kwamba kambi igeuzwe jimbo la uchaguzi kesho. Tunasema lililo jepesi zaidi. Sheria ya 1998 iliwapa madiwani uwezo wa kuteua watu watano wasiopiga kura, ili wawakilishe makundi yenye mahitaji maalumu. Kiti kimoja katika Dowa kingetosha kuanzia. Mwenye kukikalia hatapitisha azimio lolote, lakini atasema kisima kipi kimekauka na darasa lipi limefurika kabla fedha hazijagawanywa.

Mwenye kiatu ndiye ajuaye kinapombana. Halmashauri isiyomsikia hugawa fedha kwa kukisia, na hasara ya makisio hayo humwangukia mwenyeji sawasawa na mgeni.