KULIPWA NA NANI? Kiingereza cha mikataba na wajibu wa msomi



Sisi tunaosoma hapa Doha tuna kazi moja ambayo haimo kwenye ratiba ya chuo. Walinzi, madereva, wahudumu wa hoteli na dada zetu wa majumbani, watu wa kwetu Kenya, Uganda na Tanzania, hutuletea karatasi: "Wewe msomi, hebu nisomee hii." Hoja yangu ni kwamba karatasi hizo zina kona moja ya sarufi ya Kiingereza ambayo lazima tuijue vizuri, kwa sababu ndani yake kuna mshahara wa mtu.

Kona yenyewe ni kitenzi-jina katika kauli ya kutendwa. Jina refu, lakini kitu chenyewe tunacho tangu utotoni. Kulipa, kulipwa. Kuajiri, kuajiriwa. Kiswahili kinachomeka "w" tu na kazi imekwisha. Mwingereza hana "w" hiyo, kwa hiyo anahitaji maneno matatu: "to", halafu "be", halafu lile umbo la tatu la kitenzi tulilokariri shuleni, "paid". Ukiangusha "be" mambo yanageuka. Anayesema "I want to pay my salary" hajadai mshahara, bali amejitolea kuulipa yeye!

Sasa tuje kwenye mkataba. Ukikuta "overtime to be paid", usitafsiri "italipwa" ukanyamaza. Uliza: na nani? Lini? Kiasi gani? Kauli ya kutendwa, iwe ya Kiingereza au ya kwetu, inaruhusu mtendaji ajifiche. Tafuta neno "by" na jina linalolifuata. Kama halipo, mwambie ndugu yako aombe liandikwe.

Hatari zaidi ni ndugu yake mwingine, "to have been paid". Ya kwanza ni kulipwa, ya pili ni kuwa umeshalipwa. Mtu akiwekewa karatasi inayosema "all wages are deemed to have been paid", maana yake mishahara yote inahesabiwa kuwa imeshalipwa. Akitia saini hapo, miezi mitatu anayodai itakuwa ngumu kuitetea. Maneno mawili tu, "have been", na jasho la mtu limekwenda.

Na pasipoti je? Sheria namba 21 ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri amrudishie mfanyakazi pasipoti baada ya kukamilisha taratibu za ukaazi, isipokuwa mfanyakazi mwenyewe ameomba kwa maandishi atunziwe. Basi sentensi kama "I request my passport to be kept by the company" si ya kupamba fomu. Ndiyo hayo maombi yenyewe!

Kuna watakaosema, eti Kiingereza cha nini wakati Sheria ya Kazi, namba 14 ya mwaka 2004, inasema maandishi ya Kiarabu ndiyo yanayoshinda tafsiri ikitofautiana nayo? Ni kweli, na wenzetu wanaojua Kiarabu wasome upande huo pia. Lakini wengi wa ndugu zetu husoma ule upande wa Kiingereza tu kabla ya kutia saini. Na kima cha chini kilichoanza Machi 2021, riyali 1,000 za mshahara, 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe, huenda kikawa kigumu kudaiwa na mtu aliyekwisha kukiri kwa saini yake kwamba amelipwa.

Napendekeza jumuiya yetu itenge saa moja kila wiki ya kusoma karatasi za ndugu zetu, bila malipo, neno kwa neno. Sarufi tumefundishwa bure na walimu wetu wa nyumbani. Tuirudishe kwa watu wa nyumbani.

Naomba kuwasilisha.